Baragumu la Jumbe na Baiskeli Yangu

Jamani, nichekeni lakini nichekeni taratibu, maana hii habari nikiikumbuka nikiwa peke yangu njiani huwa nafunika uso kwa kofia, ingawa hakuna anayenitazama ila mbuzi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dresa, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa ya homa, kwenye zahanati moja ndogo milimani upande wa Suji. Ilijengwa ubavuni mwa mlima, na mahali tambarare palikuwa pale tu, kiwanja kidogo cha kivuli mbele ya mlango, na hapo palisimama nguzo yenye kibao: MOTOKAA YA HOSPITALI TU. Motokaa yenyewe ilipanda kutoka Same kila Jumatano kuleta dawa na kuchukua wagonjwa wazito. Siku nyingine zote kiwanja kilikaa kitupu. Sisi wafanyakazi, mimi na mkunga wetu, tuliokuwa tukiitwa saa yoyote kukimbilia wagonjwa vilimani, tuliambiwa baiskeli zetu tuziegemeze kwenye migomba huko mteremkoni. Mbuzi wakatafuna kiti changu. Juma moja kabla ya mkasa baiskeli iliserereka yenyewe mpaka kwenye mfereji, nikaikuta imelala majini kama inaoga. Nilipomwomba daktari wa Same, alipokuja kutukagua, mahali pa baiskeli akanijibu kiwanja ni cha motokaa, basi, akaenda zake.

Sasa Jumatano hiyo nikasema leo sikubali (kiburi, jamani, kiburi sikuhitaji kuazima kwa mtu). Motokaa huja mchana, baiskeli nitaiondoa kabla haijafika, nani atajua? Nikaiegemeza palepale kwenye nguzo, nikaifunga kwa mnyororo na kufuli chini ya kibao kilekile cha kunikataza, nikaingia kazini nikipiga mluzi. Nikafunga vidonda vya watu, cha mwisho kikiwa cha mguu wa Babu Mrutu, mzee mmoja mwenye donda sugu, ambaye nilimfunga bendeji nene kwelikweli kwa vile nilikuwa na furaha.

Babu hajafika mbali, wakamleta Namsifu. Binti mdogo, mimba ya kwanza, amebebwa kwa machela tangu ng'ambo ya bonde. Mkunga akampapasa tumbo, akanivuta pembeni.

"Mtoto amelala mkingamo. Hapa hatoki. Ni Same, leo hii, la sivyo tunawakosa wote wawili."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, leo si Jumatano? Sijamaliza kusema tukasikia motokaa ikinguruma kwenye kona za chini. Imewahi! Nikamshukuru Mungu, kisha nikaikumbuka baiskeli.

Nikatia mkono mfuko wa koti, ufunguo hamna. Mfuko wa suruali, hamna. Nikapekua chini ya meza, ndani ya bakuli la pamba, ndani ya viatu (ndiyo, nilivua viatu), hamna kitu. Salimu dereva, mtu wa Tanga mwenye maneno yake, akasimama mdomoni mwa kiwanja, akateremka, akakisoma kibao kwa sauti, akaitazama baiskeli, akanitazama na mimi.

"Dresa, na hii nayo ni motokaa ya hospitali?"

Kiwanja kile kilikuwa kidogo hata motokaa ikigeuza ilipita karibu kuigusa nguzo, na upande wa pili ni korongo. Nikamwambia, "Ikanyage, Salimu, pita juu yake!"

"Nipasue tairi kwa vyuma vyako, tulale hapa wote na mgonjwa? Na kinyumenyume kwenye kona zile sishuki, nina watoto mimi."

Ndani Namsifu akalia kilio kimoja kirefu. Mama mkwe wake, aliyekuwa kizingitini, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huyu mtoto wa watu afe kwa ajili ya baiskeli?" Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu jeupe.

Ng'ambo ya bonde alikuwako mhunzi, na patasi yake ingeukata mnyororo mara moja. Na jirani yetu alikuwa jumbe, barazani kwake limening'inia baragumu, ile pembe ndefu ya tandala. Nikawaza (kuwaza gani huko!) nikilipuliza mhunzi atatoka nje kutazama, nimpungie mkono, nimwonyeshe mnyororo, naye ataelewa. Nikakimbia, nikalitwaa, nikapuliza kwa pumzi zote nilizopewa.

Mnajua wenyewe, kwetu Upareni baragumu la jumbe halimwiti mtu mmoja. Likilia ni msaragambo: kila mwenye mikono aache alichoshika, achukue jembe, aje kwenye kazi ya wote. Mimi mtoto wa Usangi, niliyekulia kwenye msaragambo, nilijua hilo kuliko ninavyojua jina langu, lakini hofu ilinifuta akili yote.

Wakaanza kutokea. Kutoka mashambani, kutoka mferejini, wanaume na majembe begani, akina mama na vikapu, watu wanamiminika mlima mzima, na mbele yao jumbe mwenyewe anahema, magoti yamejaa udongo.

"Shikamoo, mzee," nikasema, baragumu mkononi.

"Marahaba. Nani kaita msaragambo, na jumbe mwenyewe nipo shambani napalilia maharage?"

Salimu, Mungu amsamehe, akajibu kwa niaba yangu: "Dresa anaomba watu wa kumfungulia baiskeli."

Walicheka! Kuna mama alikaa chini kabisa. Lakini Namsifu akalia tena, na kicheko kikakatika palepale. Jumbe akachungulia ndani, akarudi, akaishika ile nguzo, akaitikisa.

"Hii ilichimbiwa kwa nini?"

"Kwa jembe, mzee," wakajibu.

"Na hayo mliyoshika ni vijiko?"

Waliivamia, udongo ukaruka, na kufumba na kufumbua nguzo iko mabegani mwa wanaume, kibao mbele, baiskeli yangu inaning'inia na mnyororo wake kama mbuzi wa sikukuu, na mimi nyuma nimeshika pedali isiwagonge watu. Salimu akageuza. Namsifu akapakiwa na mkunga na mama mkwe, motokaa ikashuka, na sisi tukabaki tunaisikiliza kona kwa kona mpaka ikapotea.

Nikadhani sasa nitasemwa. Jumbe akaukagua mteremko kando ya zahanati, akasema, "Hatujaja na majembe kuyatembeza. Hawa wanaotukimbilia tukiugua, vyombo vyao vinalala migombani?" Wakachimba. Jioni palikuwa na sehemu safi iliyosawazishwa ya kuwekea baiskeli, na nguzo imerudishwa mahali pake. Mhunzi akatokea mwisho kabisa na patasi yake, akaniuliza, "Kazi ni ipi?"

Baada ya siku chache Babu Mrutu akaja kubadilishiwa bendeji. "Dresa, dawa yako ya safari hii ni kali, inachoma upande mmoja tu, lakini nimevumilia." Nikafungua. Ufunguo.

Jina nikapata, Bwana Msaragambo, na watoto waliniimba. Sikujali, maana nilikuwa nameza chakula bila kujua ni nini, nangoja Jumatano. Ilipofika nikasimama kwenye kona ya juu tangu asubuhi. Motokaa ikaja, na aliyeteremka wa kwanza ni yule mama mkwe, nyuma yake Namsifu, amekonda, anacheka, na kichanga kifuani. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Mama mkwe akanitia mtoto mikononi, na mtoto akaukamata ufunguo, ambao tangu siku ile nauvaa shingoni kwa kamba, akaung'ang'ania.

Nikajaribu kuuchomoa polepole.

"Mwachie," mama mkwe akasema, "ulimchelewesha nao."

Baragumu sitaligusa tena maisha yangu yote, hata nikiambiwa nilipanguse vumbi. Lakini baiskeli yangu, jamani, inalala mahali pake.