Ahadi ya Mkunga, Uso wa Mwenye Mabati

Mama Brashi alikuwa mchora mabango, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na kuanzia kinyozi mpaka duka la dawa hakukuwa na mlango wa maana mjini ambao haukuwa na herufi zake. Zilisimama wima, zimeshiba rangi, na mtu asiyejua kusoma alizitazama akaridhika. Ila mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mumewe, dereva mstaafu, alizoea kumwambia, "Wewe hata malaika akikuuliza jina lako, utataka kwanza akwambie lake."

Mwaka ule wa uchaguzi wa diwani, wagombea wawili walimletea kazi wiki moja. Wa kwanza alikuwa Mwenye Mabati, muuza vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa palepale, mtu wa kicheko kikubwa ambaye soko zima lilimwita "mwenetu". Wa pili alikuwa Mkunga. Huyu alistaafu hospitali ya mji baada ya kupokea watoto wasiohesabika, lakini alikuwa amehamia, na ingawa miaka thelathini ilikuwa imepita, bado aliitwa "yule aliyekuja". Tena hakuwahi kuolewa wala kuzaa, na hilo nalo watu walimhesabia kosa.

Ugomvi wa uchaguzi ulikuwa ushuru wa soko. Mwenye meza ya nyanya na mwenye ghala la magunia walilipa kiasi kilekile kila siku. Mwenye Mabati alitaka iendelee hivyo, na bango lake lilitakiwa kusema: USHURU MMOJA KWA WOTE, TUWE SAWA. Mkunga alitaka lake liseme: MWENYE MEZA ALIPE KWA MEZA, MWENYE GHALA ALIPE KWA GHALA.

Mama Brashi aliandika maneno siku ya kwanza, akayafunika kwa magazeti ili vumbi lisigande kwenye rangi mbichi. Kesho yake akabandika picha za nyuso sehemu ya juu bila kufunua magazeti, maana alijiamini kwamba anajua bango la kushoto ni la nani na la kulia ni la nani. Watu wa kampeni wakaja wakayabeba yakiwa yamefunikwa hivyohivyo, wakayasimika usiku kwenye milango miwili ya soko na kubandua magazeti gizani.

Siku ya nne tangu yasimikwe alikwenda sokoni kutafuta vitunguu. Alipoinua macho mlangoni, kikapu nusura kimdondoke. Uso wa Mwenye Mabati ulikuwa ukicheka juu ya maneno ya Mkunga. Akazunguka mbiombio hadi mlango wa pili. Huko Mkunga, kwa uso wake wa upole, alikuwa akidai ushuru mmoja kwa wote.

"Nimekwisha," alijisemea.

Lakini mbona hakuna aliyemfuata nyumbani kumgombeza? Udadisi ukaishinda hofu. Akarudi kwa muuza vitunguu, mama mnene mwenye ulimi mwepesi, akajifanya anachagua.

"Mwenzangu, bango lile umeliona?"

"La mwenetu? Nimeliona, na ndiyo maana nitampa kura! Mtu ana ghala lake mwenyewe, lakini anasema mwenye ghala alipe zaidi. Huo ndio utu."

"Si maneno hayohayo aliyoyasema Mkunga kwenye mkutano? Nilikusikia ukisonya."

"Yule alitaka kutugombanisha na wenye maghala." Akaelekeza kisu kule mlango wa pili. "Na sasa amegeuka, eti tulipe sawa na matajiri. Ana roho ngumu yule. Asiye na mtoto atajuaje uchungu wa mlo wa watoto?"

"Wiki iliyopita mwenetu aliposema tulipe sawa, ulipiga makofi."

"Yeye alimaanisha usawa," alijibu muuza vitunguu, bila kupepesa macho.

Mama Brashi alipita kwa fundi viatu, kwa muuza ndoo, kwa wapakuzi wa magunia, na kila alipouliza alipata jibu la namna ileile. Maneno hayakuwa na uzito wake yenyewe. Yalipimwa na uso uliokuwa juu yake. Mwishowe akaona hana budi kwenda kuungama.

Alianza kwa Mwenye Mabati, aliyemkuta dukani kwake akihesabu misumari.

"Kaka, nimeharibu kazi yako. Nitarekebisha leo hii bila malipo."

"Usiguse!" Mwenye Mabati alishusha sauti. "Niliona tangu siku ya pili. Nilitaka kukuita, lakini watu walikuwa wananipa mkono njia nzima. Acha lilivyo."

"Lakini hiyo si ahadi yako."

"Ahadi ni ya aliyeshangiliwa, dada," alisema, akacheka kicheko chake kikubwa.

Kwa Mkunga miguu ilikuwa mizito zaidi. Njiani alikumbuka jambo lililomchoma: alipoletewa kazi zile mbili, alimwachia Mwenye Mabati alipe akijisikia, ila alimdai Mkunga fedha zote kabla hajalowesha brashi. Kwa nini? Mkunga hajawahi kumdhulumu mtu. Hakupata jibu ila lile la muuza vitunguu: huyu ni mwenetu, yule si wetu.

Mkunga, ambaye wiki hiyo alikuwa hajafika sokoni, alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Uliwauliza mmojammoja?"

"Mmojammoja, dada. Na nimekukosea mimi mwenyewe."

Mkunga alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Inauma, sitakudanganya. Nusu ya hao niliwashika kabla mama zao hawajawashika." Akapangusa macho. "Rekebisha langu, mdogo wangu. Lake liache."

"Yote mawili yatasema kitu kimoja!"

"Ndiyo. Nataka nione watasemaje."

Jioni hiyohiyo Mama Brashi alirekebisha. Sasa milango yote miwili ilisema mwenye ghala alipe kwa ghala, herufi zilezile, mkono uleule. Na soko lilisemaje? Lilisema Mkunga ameiga. Mama Brashi alimweleza muuza vitunguu kisa chote, kuanzia magazeti hadi gundi, akaambulia kuulizwa amelipwa kiasi gani kumpigia yule mwanamke kampeni.

Mkunga alishindwa, ingawa si kwa kura nyingi kama watu walivyotabiri. Baada ya kuapishwa, Mwenye Mabati alimtuma mtu kwa Mama Brashi ili bango lifutwe na ushuru ubaki kama zamani. Mama Brashi alifika na ndoo yake ya rangi nyeupe, akawakuta wanawake wa nyanya na vitunguu wamesimama mbele ya bango kama ukuta.

"Hapa hapafutwi kitu," alisema muuza vitunguu. "Mwenetu alituahidi, na atatimiza."

Diwani alizunguka miezi mitatu akitafuta pa kutokea. Hakupaona. Sheria ndogo ya ushuru ikapita, na wenye meza wakaanza kulipa kwa meza. Mkunga alisoma tangazo la sheria hiyo ukutani, akalisoma tena, akaenda zake kununua sabuni. Alipokutana na Mama Brashi alimwambia tu kwamba ameifurahia sheria, na kwamba angeifurahia zaidi kama angeiandika yeye.

Siku moja mvua ilikuwa imewakimbiza wateja, na Mama Brashi akajibanza chini ya turubai la muuza vitunguu.

"Niambie kweli," alimuuliza. "Kama ungeyasikia maneno yale gizani, bila kuona uso wala kujua sauti, halafu taa ikawashwa ukamwona Mkunga, ungempa kura?"

Muuza vitunguu alifungua mdomo haraka kama kawaida yake, akaufunga. Alimenya kitunguu kizima, kisha akachukua kingine.

"Sijui," alisema hatimaye. "Kumbe hata mimi sijui."