Nilivyoingia Chama cha Wazee Awendo

Mke wangu alipofariki, watoto walikaa nami hadi matanga yakaisha, kisha wakarudi makazini mmoja baada ya mwingine, na boma likabaki na mimi, kuku, na redio. Nilikuwa nimeendesha malori ya miwa tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na dereva wa miwa huzoea kukaa peke yake. Nilijiambia kwamba upweke haunitishi. Asubuhi nilitembea hadi kituo cha magari cha Awendo, nikasoma gazeti la mtu mwingine, nikarudi nyumbani kulala.

Binti yangu, ambaye ni daktari wa mifugo Kisumu, alikuwa akinipigia simu kila jioni.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Siku moja akachoka na majibu yangu. Akasema amesikia kuna chama cha wazee hapo Awendo, kinakutana Jumatano katika ukumbi wa kanisa, na kina matawi hadi Homa Bay. Kwa nini nisijiunge? Nikamwambia vyama hivyo navijua: watu wanakutana, wanaomba kwa muda mrefu, wanagombana, halafu wanazikana. Sikuhitaji kulipa ada ili nizikwe. Ardhi ipo, na jembe lipo.

Yeye hakubishana nami. Alifanya jambo baya zaidi: alimtuma mwenyekiti.

Mwenyekiti wa tawi letu ni mama aliyezaliwa Ntimaru, kwa Wakuria, akaolewa hapa kwetu. Kwa miaka mingi alikuwa akileta mahindi na maharagwe kutoka mpakani hadi soko la Awendo, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini za malori. Aliingia boma langu bila kupiga hodi ya pili, akaketi kwenye kiti cha marehemu mke wangu, kiti ambacho watu wengine wote walikuwa wanakiogopa.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kukuandikisha."

"Kuniandikisha wapi? Mimi sijafa."

"Wafu hatuwaandikishi. Wale wana chama chao, na hakina mikutano."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka kwa muda. Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: nikiingia, nitapata nini?

"Duka la dawa litakupunguzia bei," alisema. "Ukilazwa, tutakuja kukuona. Ukifa, tutakuja kuimba, ingawa sauti zetu si nzuri. Mara moja kwa mwaka tunaenda Homa Bay kwa mkutano mkuu na tunakula samaki. Na Jumatano ukikosa kuonekana, siku hiyo hiyo tutakuja kugonga mlango wako."

"Hilo la mlango silitaki."

"Hilo ndilo lenyewe, shemeji. Hayo mengine ni ya kutangazia."

Nilijiunga ili binti yangu anyamaze. Sitadai kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Mikutano ya kwanza ilikuwa kama nilivyotabiri. Maombi yalikuwa marefu, isipokuwa siku ambazo zamu ilimfikia mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye dua yake ilikuwa fupi na kwa hiyo alipendwa na watu wa madhehebu yote. Walizozana kuhusu hema la kukodi hadi chai ikapoa. Nesi mmoja mstaafu alitusimamisha tuinue mikono juu na kuishusha, juu na kuishusha, na mimi niliyewahi kupandisha lori lililojaa miwa kwenye mlima wa matope nilijikuta nikipungia dari kama mtoto wa nasari. Nilichagua kukaa nyuma kabisa.

Nyuma kabisa alikuwepo mtu ninayemjua: karani wa mizani.

Enzi zetu, kabla lori halijafika kiwandani, lilipita kwenye mizani ya nje kule mashambani ili miwa ipimwe. Huyu ndiye aliyekuwa akipima. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na hakuna dereva aliyewahi kumdanganya. Tulimwogopa na tukamtukana kimoyomoyo. Sasa alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa bado limenyooka na kalamu zilikuwa mahali pake.

"Dereva," aliniambia Jumatano ya kwanza, akinishika mkono kwa furaha. "Mama hajambo?"

Nikamwambia mke wangu amefariki. Alisikitika kwa moyo wote, macho yakamlenga machozi. Jumatano iliyofuata akanishika mkono tena. "Dereva! Mama hajambo?" Nikamwambia tena, akasikitika tena, upya kabisa, kama mtu aliyesikia sasa hivi. Wiki ya tatu sikuweza kumuumiza. Nilisema, "Hajambo, anakusalimu." Uso wake ukang'aa. Na mimi, kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, nilihisi kwamba salamu zilikuwa zimetoka kwa mke wangu kweli.

Basi nikawa naenda kila Jumatano. Tulikaa nyuma, yeye akiniambia habari za foleni, za madereva waliokuwa wakorofi, za mvua. Wakati mwingine alizungumza kana kwamba foleni hiyo ilikuwa ya jana. Wiki moja, tukiagana mlangoni, aliniambia, "Ukija, njoo mapema. Nitafunga mapema." Nikadhani ananitania.

Jumatano iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Mwenyekiti alitazama ukumbi wote kabla hata ya maombi. "Karani wetu yuko wapi?" Akapiga simu nyumbani kwake. Mke wa mwanawe, anayeishi naye na kumtunza, alishtuka: mzee alikuwa ametoka alfajiri, ameoga, amevaa koti, na yeye alidhani ametangulia kwetu. Mume wake alikuwa Nairobi. Ndani ya muda mfupi vijana wa bodaboda walikuwa wamezunguka soko, kanisa na njia ya hospitali. Hakuna aliyemwona. Na nje wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa, jeusi, lile la mchana ambalo sisi wa Awendo hatuhitaji kuambiwa maana yake.

Nilitazamia kelele. Badala yake wale watu waliozozana kuhusu hema walinyamaza na kumsikiliza mwenyekiti. Nesi alitumwa hospitalini na kituo cha polisi. Mzee wa vitambaa alianza kuwapigia simu wenye maduka wote anaowajua kando ya barabara kuu hadi Rongo. Wenye miguu mizuri walienda kwenye vituo vya magari. Kisha mwenyekiti akanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye unayekaa naye. Huwa anazungumza nini?"

"Habari za kazi," nilisema. "Foleni. Mizani."

"Mizani ya kiwandani?"

Ndipo nikakumbuka yale maneno ya mlangoni, njoo mapema, nitafunga mapema. "Hapana. Ya nje. Ile ya zamani."

"Bado ipo?"

"Ilivunjwa. Palipandwa miwa."

Alikuwa tayari ameshika mkoba wake. "Washa gari."

Nina pikapu kuukuu ambayo hukohoa kama mwenyewe. Tulivuka mito midogo, tukaacha lami, tukaingia njia za miwa. Miwa ilikuwa imekomaa, imefunga pande zote mbili, na barabara niliyoipita ujanani ilikuwa imelimwa hadi ikabaki njia ya trekta. Nilikosea kona moja, nikarudi nyuma, nikakosea nyingine. Mwenyekiti hakusema neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Pikapu ilipokwama tulishuka tukaenda kwa miguu, majani ya miwa yakitukata mikono, na mvua ikatukuta humo humo.

Tulimwona kabla hatujafika. Sakafu ya saruji ya ile mizani ilikuwa bado pale katikati ya miwa, imepasuka, na ukuta mfupi umebaki upande mmoja. Karani alikuwa ameketi juu ya ukuta huo na koti lake, maji yakimtiririka usoni, kalamu mkononi. Alikuwa anatetemeka. Alinitazama kwa hasira.

"Umechelewa."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema, baba, twende nyumbani. Nilimgusa mkono.

"Nimechelewa, karani," nilisema. "Barabara ni matope."

"Kila siku matope. Wenzako wamefika."

"Wamepimwa?"

"Wamepimwa wakaenda. Umebaki wewe tu. Gari liko wapi?"

"Limekwama hapo chini. Njoo uliangalie kabla hujafunga."

Alifikiri. Kazi ni kazi. Karani hakuwahi kukataa kwenda kuangalia. Akasimama, magoti yakakataa, nikamshika upande mmoja. Ndipo alipomwona mwenzangu.

"Na huyu mama?"

"Ni wa nafaka," nilisema. "Ameomba lifti."

"Abiria hawaruhusiwi."

"Basi nitakaa nyuma na miwa, baba," mwenyekiti alisema, na kumshika upande wa pili.

Karani alicheka, kicheko cha zamani. "Leo tu," akasema. "Leo tu, mama."

Tulikwenda hivyo, polepole, watu watatu wazee kwenye mvua, nami nikiomba mtu asiteleze kwa sababu tungeanguka wote. Wakata miwa waliokuwa wakikimbia mvua walitusaidia kuisukuma pikapu. Ndani ya gari mwenyekiti alimvua koti lililolowa akamfunika kwa leso aliyojifunga kiunoni. Tulipofika kwenye lami karani alitazama viatu vyake vilivyojaa matope, kisha akanitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya kawaida kabisa.

"Nilikuwa nimepotea, siyo?"

"Ulikuwa umepotea," nilimwambia. "Sasa uko nasi."

Alinishika mkono ule wa gia, na nikaendesha hadi mjini kwa gia moja kwa sababu sikutaka kuutoa.

Mwanawe alikuja kutoka Nairobi mwishoni mwa wiki. Ni kijana mwema. Alikuwa na aibu isiyo yake. Aliniuliza tulijuaje. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna kosa la mtu yeyote wa nyumba ile: wakati mizani ile inavunjwa, yeye alikuwa hajazaliwa. Angewezaje kumtafuta baba yake mahali ambapo hajawahi kupaona?

Baada ya hapo mwenyekiti alipanga zamu. Mmoja wetu anakwenda kukaa na karani asubuhi ili mke wa mwanawe afungue kibanda chake cha ushonaji. Nisiseme kwamba wote walifurahi. Mwanachama mmoja alisema sisi wenyewe ni wa kuchungwa, tutamchunga nani? Alitoka kwenye chama, na hatukumsema vibaya, maana hoja yake ilikuwa na uzito. Wengine tuliendelea. Mimi nikienda, tunamenya njugu, ananiuliza mama hajambo, namwambia hajambo, na siku nyingine naongeza habari: amepanda mboga, amekwenda kanisani. Yeye ndiye mtu pekee ninayeweza kuzungumza naye juu ya mke wangu hivyo.

Mwaka huu nilikwenda Homa Bay kwenye mkutano mkuu. Hotuba zilikuwa nyingi na maikrofoni ilikuwa na homa, lakini samaki walikuwa wazuri. Mezani niliketi karibu na mama mmoja kutoka Kisegi. Alikuwa ameletwa na dada yake kutazama tu, na alitazama kila kitu kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe. Alipomaliza kutoa miiba alinigeukia.

"Jaduong', mzee wangu, niambie ukweli. Hiki chama kina faida?"

"Lile punguzo la dawa nimelitumia mara moja," nilisema, "na dawa ilikuwa imeisha."

Alicheka. "Basi unafanya nini hapa?"

"Kama una watu wanaojua ulivyokuwa kijana, na wanakuja kwako kila wiki, kaa nyumbani. Huhitaji chama. Kama huna, jiunge hata kesho."

"Watoto wangu wananijua."

"Wanamjua mama yao. Je, wanajua ulipokuwa msichana ulipenda kwenda wapi?"

Alichukua kipande cha ugali, akakikanda mkononi bila kukila, na nikaona tabasamu likimjia polepole, la upande mmoja.

"Nilikuwa nakwenda Sindo siku ya soko," alisema. "Kwa miguu, njia nzima."

"Kununua nini?"

"Nani amesema nilikwenda kununua?"

Tulicheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka. Alipofuta macho alisukuma sahani kando, akajifunga upya kitambaa cha kichwani, na kuuliza ni nani hapa anayeandikisha watu. Nilimwonyesha mwenyekiti wetu. Hakukuwa na haja. Mwenyekiti alikuwa tayari ameinuka kwenye kiti chake na anakuja.