Kiberiti cha Bibi Bertilla

Kwetu Sumbawanga mtu akikuuliza "Unasali wapi?" hakuulizi unapopiga magoti. Anataka kujua jina lako limeandikwa kanisa gani na jumuiya gani. Neno hilo, kusali, ndilo lililomnyima Bibi Bertilla maziko ya Kikristo, na aliyeshika kalamu ni mimi.

Tulikuwa majirani hapa Chanji, ukuta mmoja. Watoto hakujaliwa. Mume wake, mzee Mathias, alikuwa kitandani mwaka wa tatu kwa kiharusi. Kila alfajiri nilikuwa namsikia Bibi: mlango wa jikoni, kikohozi, halafu "Kwa jina la Baba..." Baada ya hapo ndipo kiberiti. Hakuwahi kuwasha moto kabla ya msalaba.

Nilipomzaa Lucia, Januari, kusali kulinishinda kabisa. Nikamwambia, "Bibi, nikishika rozari nasinzia tendo la kwanza."

"Nani kakutuma ushike rozari na kichanga chako?" Akacheka. "Anza na ishara ya msalaba. Kiberiti mkononi, msalaba, washa. Wiki nzima usiongeze kitu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ukiwa na pupa utaacha yote. Wiki ya pili tia Baba Yetu."

"Na nikisinzia katikati?"

"Lucia akisinzia kwenye titi, unamtupa chini?"

"Simtupi."

"Basi na Mungu hakutupi."

Nikaanza. Siku nilizosahau, sauti yake ilipenya ukutani: "Mama Lucia! Leo kiberiti kimetangulia!" Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, nauzima ule moto, naanza upya. Kufikia Pentekoste nilikuwa nasali mpaka Malaika wa Bwana, na siku isiyokuwa na sala niliiona kama siku niliyotoka bila kunawa uso.

Sasa, mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo jumuiya ilikuwa imenichagua katibu. Tunasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wetu, mzee Eustaki, anasoma majina, mimi natia vema, au naandika "Hayupo". Saa hiyohiyo Bibi alikuwa anamgeuza mzee, anamwosha, anamnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko.

Siku moja akaniambia, "Niandikie nipo, mwanangu. Nasali pamoja nanyi, nawasikia mkiimba."

"Bibi, daftari halina masikio," nikamjibu. Niliona nimesema utani mzuri. Alicheka, lakini kidogo.

Aliomba jumuiya ije kwake. Eustaki akasema zamu yake itafika. Ilipofika, mwenzetu Winifrida akasema, "Mgonjwa asisumbuliwe jamani," tukapita nyumba ya mbele. Sote tulijua anachokimbia ni harufu. Nami nilijua, nikachukua daftari nikawafuata.

Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi kali, nilisikia mlango, kikohozi, "Kwa jina la Baba". Kiberiti sikukisikia. Nikangoja. Nikamwita. Nilipoingia nilimkuta ameegemea mafiga, njiti mkononi, haijawashwa.

Ili amzike mtu, padre hutaka barua ya jumuiya yake. Nikaenda kwa mzee Eustaki na daftari kwapani. Akalifungua, akatikisa kichwa.

"Huyu mama alikuwa hasali."

"Nakuheshimu, mzee, lakini Bibi kafa anasali. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mimi nasema jumuiya. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Haya, soma."

Nikasoma. Hayupo. Hayupo. Hayupo. Jumamosi ishirini na nane tangu Krismasi, herufi nzuri, wino wa bluu, hata moja sikuikosea.

"Nikiandika barua hii, kesho nani atakuja jumuiya?" akasema, akalifunika.

Hakuja padre, hakuja katekista, na kwaya haikuimba. Tulimzika saa tisa, watu tisa. Kijana mmoja wa majembe akauliza nani ataomba, wakanitazama mimi. Nikasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," wengine wakamalizia.

Niliporudi, mzee Mathias aliniuliza kwa nusu ya mdomo wake, "Padre... kasemaje?"

"Kamsifu sana, babu," nikasema. Chozi lilimtoka jicho moja, lile zima. Wiki iliyofuata ndugu zake wakaja kumchukua, wakaenda naye Namanyere.

Jumamosi ya wiki hiyo, kwenye jumuiya, jina la Bibi likafikiwa. "Futa," akasema Eustaki. Ningeweza kukataa. Lakini Lucia anabatizwa Desemba, na barua yake itatoka kwa mwenye daftari hilo. Nikafuta.

Asubuhi bado nasali. Sijui kuacha tena, alinizoesha. Msalaba kwanza, Baba Yetu, njiti mkononi. Nikifika "utusamehe makosa yetu" nasimama, nasikiliza ukuta. Chumba cha upande wa pili hakina mtu. Kisha nawasha moto, maana uji wa mtoto haungoji.