Lebo ya Vidole Vinne

Mpaka leo nikienda kununua nguo, kabla sijauliza bei, huingiza kidole gumba ndani na kupapasa mishono ya ubavuni. Wauzaji hudhani natafuta kasoro. Nawaacha wadhani.

Miaka ya themanini dada yangu mkubwa alikuwa akishona kanzu Malindi, mji wa kale, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba. Alikuwa ameachwa na mumewe, hana mtoto, na kanzu zake zilikuwa zikikaa vizuri mwilini kuliko za mafundi wanaume wa mtaa ule, jambo ambalo mafundi wenyewe hawakulifurahia. Mimi nilikuwa nikipinda pindo na kutia vifungo. Siku moja akaniambia anataka lebo za kufumwa, zenye jina lake, kama nguo zitokazo ng'ambo.

"Chema chajiuza, dada," nikamtania.

"Chajiuza, kisha mwengine asema kakishona yeye," akanijibu. Hakuwa akitania. Alikuwa amesikia kanzu yake ikisifiwa msikitini kwa jina la fundi mwingine, na lilimkaa moyoni.

Tukaenda Mombasa kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza vitu hivyo. Alitutolea kadi iliyobandikwa lebo za kila kipimo, ndogo juu na kubwa chini. Akagusa ile ya upana wa kidole kimoja. "Kwa kanzu chukua hii. Waikunja katikati, ncha zaingia kwenye mshono wa shingo, basi. Nguo nyepesi yataka lebo nyepesi."

Dada akashuka na kidole chake mpaka mwisho wa kadi. Pale palikuwa na lebo ya upana wa vidole vinne vilivyobanwa pamoja, nyeusi, herufi nyekundu. Akasema anaitaka hiyo, isomeke hata na asiye na miwani.

"Mama, kanzu si gunia," yule mfanyabiashara akasema. Lakini mteja ni mteja, akaandika oda.

Zilitufikia Shaabani, wakati watu wanaanza kupeleka vitambaa kwa ajili ya Idi. Lebo ya kwanza dada aliishona shingoni, akaining'iniza kanzu mlangoni, tukarudi nyuma kuitazama. Weusi ulipenya kitambaa cheupe ukaonekana kwa nje, doa kubwa chini ya kisogo. Tena ilikuwa ngumu. Jirani aliyeijaribu alijikuna kabla hajaivua. Kuipunguza haikuwezekana, kwa sababu lebo ya kufumwa ukiikata nyuzi zinafumuka, na hapo utakuwa umekata jina lenyewe. Kuzitupa zote dada hakutaka hata kusikia.

Akatafuta njia. Aliikunja mara mbili ikawa pedi ndogo nene ya mraba, akaishona pande zote nne ili isichome, akaificha ndani ya mshono wa ubavuni, karibu na mfuko. Ikawa haionekani. Jina alilolitaka lisomwe na kila mtu sasa lilikuwa limekunjwa ndani na halisomwi na yeyote, lakini alishasema kila kanzu itakuwa na lebo, na dada akishasema amesema.

Mimi nilipoipapasa kwa juu ya kitambaa, niliuondoa mkono upesi. Utotoni nilivishwa hirizi kifuani nilipokuwa nikiugua ugua, na kidole hakisahau. Ukubwa ulikuwa ule ule, unene ule ule, na mishono pande zote nne.

"Dada, hii ni kama hirizi."

"Basi ni hirizi ya biashara," akasema, akaendelea kupiga cherehani. Mdharau mwiba mguu huota tende, nami sikumwambia hivyo kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na alikuwa na furaha.

Baada ya Idi tukaletewa kitambaa cha kanzu ya bwana harusi, kutoka Mambrui. Hapa lazima niseme jambo. Kijana yule, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, ndiye aliyeniposa mimi mwaka uliotangulia. Posa ilipokewa, kisha mamake akairudisha nyuma, kwa maneno kwamba nyumba yetu ni ya wanawake wasiokaa na waume. Nililia nikanyamaza. Sasa alikuwa anaoa kwingine, na mamake akataka kanzu ishonwe kwetu kwa sababu hakuna aliyeshona kama dada. Nilitaka tuikatae. Dada akasema tukikataa watasema tuna kinyongo. Akaishona vizuri kuliko zote, akatia na lebo ubavuni.

Harusi ilipita. Siku chache baadaye tukasikia bwana harusi ana homa. Halafu tukasikia haipungui, hata mkewe hamjui, amepelekwa hospitali. Nilimwombea apone, pengine kuliko huyo mkewe alivyomwombea, na sikumwombea kwa mapenzi tu. Nilikuwa nimeanza kuogopa, maana watu walishaikumbuka ile posa iliyorudishwa, na kanzu ilitoka kwetu. Muuza samaki aliacha kupitia kwetu. Mwanamke mmoja aliyekuja kupimwa buibui akasema atarudi, akatoka kinyumenyume, asitupe mgongo.

Akaja mama wa kijana mwenyewe, asubuhi, na wanawake wawili wa kwao. Hawakuketi. Mkononi alikuwa na kifuu cha nazi kilichojaa chumvi, na juu ya chumvi ile pedi nyeusi ya mraba, haijafunguliwa. Alikuwa akifua kanzu ya mwanawe, akaigusa ubavuni, akaikata kwa wembe. Kwetu, kitu kama hicho ukikiona katika nguo ya mtu wako hukifungui. Ukikifungua, kilichomo kinakurukia wewe. Unakitia chumvini, unakirudisha kilikotoka, na aliyekitia akifungue mwenyewe.

"Kifungue," akasema.

Dada hata alipumua. Aliona mambo yamekwisha. Alichukua mkasi akafumua mishono pande nne, akaikunjua lebo juu ya meza, akaonyesha herufi. "Mama, ni jina langu tu. Ni alama ya fundi. Isome."

Mama yule aliisoma polepole, akitembeza midomo. "Jina lako," akasema. "Ubavuni kwa mwanangu. Limekunjwa, limefungwa kwa uzi. Wakiri kwa kinywa chako."

"Si kwake peke yake. Kila mwanamume niliyemshonea ninamtilia. Nendeni mkaangalie."

Nilitamani niyarudishe maneno yale kinywani mwake kwa mkono. Wale wanawake wawili wakatazamana. Mmoja wao mumewe alikuwa amevaa kanzu yetu siku ya Idi.

Wakaenda wakaangalia. Lisemwalo lipo, na hili lilikuwepo kweli, katika kila ubavu. Asubuhi iliyofuata tulikuta pedi moja kizingitini, juu ya chumvi. Kisha zikaja nyingine, zingine ndani ya vifuu, zingine zimefungwa kwa jani la mgomba. Nguo hawakuzirudisha, zilikuwa nguo nzuri. Walikata kile kipande tu, wakarudisha. Dada alikuwa akizifungua moja moja mlangoni, hadharani, watu wasome. Waliokuwa wakipita walivuka upande wa pili wa njia. Hakuna hata mmoja aliyesogea kusoma.

Tukabaki na tumaini moja. Kijana akifa, tumekwisha, na yaliyokuwa yakiwapata waliosingiziwa uchawi huko mashambani tulikuwa tukiyajua. Akipona, tulijiambia, watu watajua ilikuwa homa. Nilikuwa nikiamka na kuisikiliza njia kama kuna mtu anakuja na habari. Dada aliweka panga nyuma ya mlango na hakunieleza la nini.

Akapona. Sindano zilimwinua, akarudi Gongoni akiwa amekonda tu. Nikacheka kwa furaha peke yangu jikoni. Nilipotoka kwenda kisimani nikasikia mji unavyosema: mnaona, kilipotolewa tu, akanyanyuka.

Sikumwambia dada. Aliyasikia mwenyewe. Aliketi mbele ya cherehani iliyofunikwa, na lebo zilizobaki zikiwa ndani ya kopo la biskuti miguuni pake. Alisema tutahamia Kilifi kwa shangazi, ng'ambo ya Mnarani, atashona sare za shule, na nguo zake hazitakuwa na alama yoyote. Alisema bila kulia. Wakati wote ule sikumwona akilia, hata nikamkasirikia.

Tulikuwa tumeanza kufunga mizigo mlango wa nyuma ulipobishwa. Alikuwa mke wa fundi mmoja wa mtaani, mmoja katika wale waliokuwa wakijisifia kanzu za dada. Hatukuwa tumetembelewa na mtu tangu siku ya kifuu, nikafurahi, nikamkaribisha kwenye mkeka. Hakuketi. Alisubiri mpaka dada akaja, akamshika mkono wake kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

"Dada, mume wangu ataka kuoa mke wa pili. Nimekuletea shati lake. Nitilie ubavuni."

Dada akamwambia yeye anashona nguo tu, hajui mengine.

"Najua, najua. Hutakiwi kusema," yule mwanamke akanong'ona, akipigapiga mkono wa dada kumtuliza. "Ila nakuomba, usinitilie kidogo. Nitilie kipimo kile kile cha bwana harusi."

Dada alilitazama lile shati. Kisha akaketi sakafuni, kando ya kopo la biskuti, ndipo akalia.