Mujomba wa mu Kitabu na Papa Kambale

Harufu ya karanga zenye kuungua kidogo ikinipita, hata leo, macho inatafuta kitu ya kusoma. Cheka tu. Mimi roman, kitabu ya hadisi, nilisoma moja mu maisha yangu, na ilikuwa inanuka karanga.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbia kilima yetu ya Masisi, tukafika Mushaki, mama na sisi watoto wake, na kuku moja mwenye hakufurahia safari. Papa Kambale, muchuruzi wa Butembo, akatupa fasi ya kulala mu depo, chumba ya mizigo nyuma ya butike yake. Masomo ilifungwa. Nilikuwa nimefika mwaka wa tano, na njo pale nilibakia mpaka leo.

Papa Kambale alikuwa na uso kama mulango ya kufungwa. Ufunguo ya sukari alikuwa analala nayo. Kila asubui mama alituambia: «Musimuchokoze ule muzee. Siku atachoka na sisi, tutalala inje.»

Ile roman ya kifaransa aliinunua Goma pamoja na magazeti ya zamani, juu ya kufungia karanga. Alikuwa anapasua kurasa toka nyuma, sababu kifuniko ya mbele ilikuwa na picha muzuri. Basi mimi nikaanzia kusoma mbele. Wamama wakiwa wanachambua maharagi mu kiwanja, niliwasomea, nikigeuza mu Swahili, na fasi sikuelewa niliweka yangu.

Mu ile kitabu, mwenye kusimulia alikuwa mutoto mwanamuke, yatima, anaishi kwa mujomba yake. Alisema mujomba iko mubaya: anaficha mukate, hacheke hata kidogo.

«Huyo njo Kambale kabisa,» Mama Sifa, jirani yetu, akasema pole pole.

Siku moja Mama Sifa akaniletea karatasi yenye walimufungia karanga zamani kidogo. Ilikuwa ya mwisho wa kitabu. Pale, ule ule mutoto analia, ameshika mukono ya mujomba mugonjwa, anasema hajaona moyo muzuri kama yake. Nikatangaza bila haya: «Wamama, wajomba iko wawili.»

«Wapi! Iko mumoja,» Mama Sifa akasema. «Huyo mutoto walimulisha tu juu ageuze maneno. Ku barza ya chefu, fasi ya kukata maneno, shahidi wa vile tunamurudisha kwake.»

«Pengine mwanzo alikuwa na njaa,» mama akasema. «Nani anapenda muntu akiwa na njaa?»

Sauti ikatoka ku dirisha ya butike. «Na alimufukuza?»

Ilikuwa Papa Kambale. Mama akaangusha lungo yake ya maharagi.

«Nani, Papa?» nikauliza.

«Mujomba. Alimufukuza mutoto?»

«Bado, Papa.»

«Basi soma. Unangojea nini?»

Toka kesho yake karanga ziliuzwa mu majani ya migomba. Tukasoma mpaka fasi ya kupasuliwa, yee akisimama ku dirisha, na kitabu ikaishia pale. Kurasa zenye mutoto aligeuza roho, wateja walishazipeleka. Mama Sifa akamulaumu uso kwa uso. Papa Kambale akamujibu: «Si mulipenda karanga?»

Kisha shemeji ya Papa Kambale akafika toka Butembo kununua maharagi, akitaka depo ya kuwekea mifuko yake. Akasema mbele yetu: «Hawa watoke leo.» Ku kilima yetu masasi ya bunduki ilikuwa inalia bado. Mama akaanza kufunga vitu mu kitenge.

Papa Kambale hakutuangalia. «Haiwezekane,» akasema. «Huyu mutoto hajamaliza kunisomea kitabu.»

Mimi, na akili yangu ya mwaka wa tano, nikafungua kinywa nimukumbushe kama tulishamaliza. Mama akanikanyaga kidole, na nguvu yenye sikujua iko nayo.

«Inabakia mingi?» shemeji akauliza.

«Iko kitabu murefu,» Papa Kambale akasema, akarudi kuuza chumvi.

Mifuko ya shemeji ililala ku baraza, sisi mu depo, mpaka vita ilitulia.

Miaka mingi nilichekesha watu na ile habari: Papa Kambale na kichwa yake ya kusahau. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu pale nilielewa: alikumbuka muzuri. Lakini siku yenye niliacha kumuona mubaya, hiyo siijue. Asubui moja tu nilijikuta ku misa namuombea yee mbele ya kujiombea mwenyewe, na mimi si muntu wa kujisahau.