Kijiti Kilicholala Kushoto

Fundi Rula alikuwa hachezi gemu, na hilo alipenda lijulikane. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza redio, mpaka watu wakaacha kuwa na redio, naye akabaki na meza, bisibisi na kiburi. Kiburi hakiliki. Siku moja akaletewa pedi ya gemu, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba. Akaifungua, akacheka peke yake. Mle ndani hamkuwa na uchawi wowote, ni nyaya, lehemu na vumbi, mambo aliyoyajua tangu ujana wake. Haukupita mwaka, kila pedi iliyoharibika mjini ilikuwa inaishia mezani kwake.

Jina la Rula alipewa na wateja, kwa sababu kwake kila kitu lazima kinyooke. Picha ikipinda ukutani kwa mwenyeji, atainuka ainyooshe kwanza, salamu ataitikia baadaye. Ukimpelekea pedi yenye kitufe kimoja kibovu, utarudishiwa pedi iliyofunguliwa yote, ikasuguliwa kwa spiriti, ikabadilishwa hata kile ambacho hukukilalamikia, na skrubu zake zote zimeelekezwa upande mmoja kama wanafunzi kwenye paredi. "Hakitoki kitu mezani kwangu na kilema," ndiyo kauli yake. Ukithubutu kumwambia kwamba hukuomba yote hayo, atakutazama kwa huruma.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na vidole vyepesi. Fundi Rula alikwisha kumpangia nyuzi zake kwa rangi, akamwinulia kiti cha cherehani kidogo, na akamfundisha namna bora ya kushika mkasi, yeye ambaye tangu azaliwe hajakata hata kitambaa cha mkono. Mkewe alijibu, "Asante, baba watoto," akaendelea na kazi. Jumanne na Jumamosi alikwenda kwenye mkutano wa chama cha mafundi cherehani. Chama hicho kilikuwa na ajenda zisizokwisha, na Fundi Rula hakuwahi kuuliza hata moja.

Alhamisi moja asubuhi Meneja wa ukumbi wa gemu aliingia na pedi nyeusi iliyofungwa ndani ya kitambaa safi, akaiweka mezani taratibu kama mayai.

"Fundi, hii ni ya Sindano."

Jina hilo Fundi alikuwa analisikia kila siku. Sindano alikuwa bingwa wa mbio za magari, yule anayepenya mahali ambapo wenzake wanafunga breki. Mwaka uliopita alishindwa fainali kwa nusu gari tu, na mwaka mzima alikuwa anaisubiri Jumamosi hii, maana mshindi ndiye anayekwenda mashindano makuu ya nchi. Fundi alikwisha kumchora kichwani mwake: kijana wa miaka ishirini, kofia imegeuzwa nyuma, anatafuna jojo na hasalimii wakubwa.

"Kitufe cha breki kinakwama," Meneja alisema. "Hicho tu. Kijiti cha kushoto kasema asiguse mtu."

"Kwani kina nini?"

"Fundi, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Kitufe tu." Meneja alikuwa anatazama dari. "Jioni naipitia, naipeleka kwa waamuzi. Pedi za fainali zinafungiwa kabatini mpaka mchezo uanze, mtu asije akaleta kifaa kilichochezewa. Sindano ataishika tena pale kwenye kiti."

Kitufe kilikwisha kwa robo saa. Mtu mwenye akili timamu angefunga skrubu akanywa chai yake. Fundi Rula aliichomeka pedi kwenye kompyuta yake kuukuu, ile inayoonyesha nukta ndani ya duara. Kijiti kikiwa kizima na hakijaguswa, nukta hukaa katikati. Hii ilikuwa imelala kushoto kabisa, kama mtu aliyesukumwa hadi ukingoni mwa kitanda.

"Mama yangu!" Fundi alisema kwa sauti, na hakukuwa na mtu dukani.

Alivua miwani, akaifuta, akatazama tena. Nukta ilikuwa palepale. Maana yake gari la huyu Sindano lilivutwa kushoto kila sekunde ya kila mbio, na bado alikuwa anawapiga wote. Fundi alishtuka kwelikweli. Kama kiwete anawashinda wazima, akipewa mguu itakuwaje? Bila shaka huyu kijana anajua kuendesha lakini hakijui chombo chake, na ndiyo maana anasema kisiguswe. Basi akang'oa kijiti cha zamani, akakitupa, akalehemu kipya. Nukta ikasimama katikati, imetulia. Fundi aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Meneja alipokuja jioni hakumwambia. Alitaka iwe zawadi. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga, na wema Fundi alikuwa ameutenda. Kwenda zake ndiko kulikomshinda. Jumamosi mchana, mkewe alipokwisha kuaga kwenda chamani na binti yao wa mwisho kuaga kwenda saluni, alivaa shati la kola, akaufuata wema wake hadi ukumbini.

Hakuwahi kuingia humo hata siku moja, kwa sababu ya kelele. Alikuta viti vya plastiki vimejaa, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe, feni zinazungusha joto, na huko mbele skrini kubwa juu ya jukwaa la mbao. Alisimama nyuma kabisa, karibu na friji ya soda. Jukwaani palikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia mwanamume mwenye miwani minene, aliyeitwa Nesi kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake hospitalini. Cha pili alikikalia mtu aliyevaa vipokea sauti vya masikioni juu ya kitambaa cha kichwa cha zambarau.

Kitambaa hicho Fundi alikuwa amekiona asubuhi kikianuliwa kwenye kamba ya nguo nyumbani kwake.

Alidhani ni kitambaa kinachofanana. Vitambaa vya zambarau ni vingi. Lakini shingo chini ya kitambaa ilikuwa ni ile ile aliyoitazama kwa miaka thelathini ikiinama juu ya cherehani, na ilipogeuka kidogo aliuona na uso. Macho yalimtoka pima. Mdomo ukafunguka wenyewe. Akakaa juu ya kreti la chupa tupu, na chupa zikalia.

"Sin-da-no! Sin-da-no!" ukumbi ulikuwa unapiga makofi. Kwenye safu ya mbele msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti, anapunga mikono. Alikuwa kitindamimba wake, wa saluni.

Jamaa aliyeketi karibu alimgeukia. "Vipi mzee, na wewe ni wa Sindano?"

"Yule," Fundi alisema. "Yule ni mke wangu."

Jamaa alicheka sana, akampiga begani. "Wote tunasema hivyo, mzee! Yule ni mama yetu sote."

Hata Fundi mwenyewe hakujua anahisi nini. Alikuwa ameudhika, alikuwa ameona aibu, na chini ya hayo yote kulikuwa na furaha fulani ya kijinga iliyomfanya atake kuwaambia watu wa safu zote kwamba yule ni wake, wa ndani, wa nyumbani. Kisha taa tatu zikazimika kwenye skrini, magari yakaondoka, na gari la Sindano likaenda moja kwa moja kulia likagonga ukuta.

Ukumbi mzima ulisema "Ah!" kwa pamoja.

Alilirudisha barabarani. Likaenda kulia tena, likasugua ukuta. Kila kona ya kulia aliipita kwa kuzidisha na kila palipokuwa na barabara iliyonyooka aliyumba. Fundi peke yake, kati ya watu mia mbili waliokuwa mle, alijua kinachotokea. Kidole gumba cha mkewe kilikuwa kimezoea kusukuma kulia ili kupambana na kijiti kinachovuta kushoto. Sasa kijiti hakikuvuta popote, na kidole bado kilikuwa kinapambana.

Mbio ya kwanza aliishinda Nesi, kwa mbali. Zilibaki mbili, na ilikuwa lazima Sindano ashinde zote.

Mkewe hakupiga kelele. Aliigeuza pedi akaitazama mgongoni, pale penye skrubu. Zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Akainua kichwa, akaanza kuwatazama watu mmoja mmoja, safu hadi safu. Fundi Rula aliinama nyuma ya jamaa aliyekuwa mbele yake. Nasema kweli, mtu mzima mwenye wajukuu wawili aliinama.

Lakini aibu nayo ina mwisho. Alisimama, akapenya katikati ya viti, akafika jukwaani na bisibisi mkononi, maana hutembea nayo mfukoni hata msibani.

"Simamisheni! Nipeni dakika kumi tu, nitairudisha ilivyokuwa."

"Mzee, pedi haifunguliwi wakati wa fainali," mwamuzi alisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeiharibu! Yaani, niliitengeneza. Niliitengeneza ikaharibika!"

Watu walicheka. Mkewe hakucheka. Aliikumbatia pedi kifuani, akamtazama.

"Baba watoto," alisema kwa upole, na ukumbi wote ukanyamaza ghafla. "Usiiguse."

Binti yao alifunika uso kwa mikono miwili. Meneja alikuwa anatazama dari. Jamaa wa pale nyuma alisikika akisema, "Kumbe kweli!"

Fundi aliteremka, akasimama pembeni. Katika mbio ya pili alimwona mkewe akifanya jambo ambalo hajaliona tangu aanze kushika bisibisi. Mzunguko wa kwanza aliendesha polepole, akimwacha Nesi atangulie, huku kidole kinajifunza upya mbele ya watu mia mbili. Mzunguko wa pili akaongeza mwendo. Wa tatu akapenya kati ya Nesi na ukuta, mahali ambapo hata karatasi ingechanika, akashinda. Ukumbi ulipiga kelele hadi feni hazikusikika. Fundi alijikuta analia, na hakujua alianza saa ngapi.

Mbio ya tatu aliongoza tangu mwanzo. Aliongoza mpaka kona ya mwisho, na pale, kwa haraka ya kumaliza, kidole kilirudi kwenye mazoea yake. Gari liligusa ukuta wa kulia, mguso mdogo tu. Nesi alimpita kwa nusu gari.

Nesi alivua miwani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, leo hukuwa wewe," alisema. "Sikufurahi."

Fundi alimkuta mkewe nyuma ya ukumbi, ameketi kwenye ngazi juani, anafikicha kidole gumba. Alikaa ngazi moja chini yake.

"Nilidhani ni kijana fulani," alisema.

"Na kijana fulani akisema usiguse, ndiyo unagusa?"

Fundi aliirudisha bisibisi mfukoni. Aliuliza, "Tangu lini?"

"Miaka miwili na nusu. Nilikuja kuleta pedi uliyoitengeneza, Meneja akaniambia nijaribu kidogo."

"Na chama?"

"Chama ndicho hiki."

"Kila mtu anajua. Mpaka mtoto anajua." Fundi aligeuka akamtazama. "Miaka thelathini, mama watoto. Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe alivitazama vidole vyake kwanza. "Kwa sababu ungekuja," alisema. "Ungekaa nyuma yangu. Ungeniinulia kiti, ungeninyoosha mgongo, ungenionyesha kidole kinakaa wapi. Nyumba nzima umeinyoosha, na mimi sijasema kitu, maana una nia njema. Nilitaka kimoja tu ambacho hujakitia mkono. Unadhani kile kijiti kiliharibika? Nilikipinda mimi, kwa kidole hiki, siku baada ya siku. Kilikuwa kimekaa ninavyotaka mimi."

Maneno hayo yalimpiga Fundi Rula kuliko yote aliyoyaona siku hiyo. Alifungua mdomo aape kwamba si kweli, kwamba angemwacha, kwamba angekaa nyuma kabisa karibu na friji na kupiga makofi kama wengine. Na hapo akagundua, kwa hofu kubwa, ni maneno gani hasa yaliyokuwa yamemsimamia kwenye ulimi. Alitaka kumwambia kwamba katika mbio ya tatu alikuwa ameikaza mno pedi, kiwiko kimeinuka, na kidole kilichoka kwa sababu hiyo. Alikuwa ameliona kosa hilo mapema sana. Alikuwa amelibeba mpaka hapa kwenye ngazi, katikati ya machozi yake mwenyewe.

Akafunga mdomo. Akauziba kwa mkono pia.

"Ulitaka kusema nini?" mkewe aliuliza.

"Hamna," alisema Fundi Rula, na jasho lilikuwa linamtiririka.