Salongo wa Ng'ombe

Babu yangu Oluka aliitwa Salongo kabla hajawa na mtoto hata mmoja. Huku kwetu Busia na Tororo jina hilo si la mchezo. Ni heshima ya baba wa mapacha, na mtu hulipata kwa kuzaa, si kwa kujipendekeza. Babu alilipata kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe jike wa mama yake alizaa ndama wawili kwa mpigo mmoja, madume wote, rangi ya udongo wote, kila mmoja na baka jeupe kwenye paji la uso. Watu wakamshauri yule mama awauze upesi kabla hawajaleta mkosi. Yeye akawaita Opio na Odongo, majina tunayowapa mapacha wa kiume wa binadamu, na alipofariki wakabaki mikononi mwa mwanawe, yaani babu. Kijiji chetu chote cha Sikuda kikacheka. Hata sisi wajukuu tulikuwa tukicheka. Siku hizi tunaanza kucheka halafu tunaacha, kwa sababu aliyekuwa akichekwa hayupo tena kutujibu.

Na alikuwa akijibu vizuri. Nikifumba macho nasikia bado harufu yake, tumbaku na ngozi ya ng'ombe, na ile sauti ya taratibu ya mtu anayejua kwamba atakaponyamaza ndipo utakapochomwa.

Mapacha, kwa mila yetu, hawapewi tofauti. Ukimpa mmoja karanga, mwingine umpe karanga, na usimpe zilizooza. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili au rudi nyumbani mikono mitupu. Ukimpendelea mmoja, yule uliyemsahau anaweza kuugua kwa uchungu tu, na akiugua hakuna mganga wa kumrudisha. Hata akifa hatusemi amekufa. Tunasema ameruka, kama ndege, ili mwenzake asisikie njia na kumfuata. Babu aliwafanyia maksai wake hivyo hivyo. Chumvi aliwapimia kwa kiganja kimoja, upande huu na upande huu, na nira aliichonga mwenyewe ili isimwelemee yeyote. Plau yao ilinyoosha mstari hata Mjaluo mmoja wa upande wa Kenya akasema shamba la Oluka ungeweza kulisoma kama kitabu.

Halafu mbung'o wakapanda kutoka vichaka vya mtoni. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu angali anatawala pande zote mbili za mpaka na pamba ikiwa ndiyo heshima ya mtu. Mbung'o akimuuma ng'ombe humwachia vijidudu kwenye damu, na ng'ombe huanza kukonda huku anakula. Nywele zinasimama, machozi yanatiririka, mkia unakosa nguvu ya kufukuza hata nzi wa kawaida. Opio na Odongo waliugua pamoja, kama walivyofanya kila jambo. Msimu wa kulima ulikuwa unakaribia, na babu alikuwa ndiyo kwanza amemwoa bibi yangu Asekenye. Mali yake yote ilikuwa inasimama kwa miguu minane, na miguu yenyewe inatetemeka.

Upande wa Tororo kulikuwa na kituo cha Wazungu waliokuwa wakijaribu dawa za ugonjwa huo. Ng'ombe mgonjwa alipokelewa na kutibiwa bure, mradi mwenye ng'ombe akubali dozi atakayopangiwa. Babu akawaswaga wale wawili polepole, wakipumzika kila penye maji, hadi mwamba wa Tororo ukaonekana mbele yao umesimama peke yake, kama kawaida yake, mithili ya mtu aliyekataa kukaa chini mkutanoni.

Mdunga sindano wa kituo alikuwa Swaliki, kijana wa mjini Tororo, Mwislamu wa familia ya wenye malori, mdomo wake haujui Ijumaa wala Jumatatu.

"Nani jina ya hawa?" akauliza.

"Opio na Odongo."

Swaliki akaangusha kikapu cha sindano kwa kicheko. "Wallahi leo tumepata mgeni. Karibu, Salongo. Mama yao iko wapi, anakuja na miguu?"

"Mama yao ameniambia nikuangalie," babu akasema. "Alikuwa anatafuta mtoto wake wa tatu, mwenye kelele."

Hapo ndipo jina lilipoanzia, na urafiki pia.

Mkubwa wa kituo watu walimwita Bwana Mizani. Alipima ng'ombe, alipima nyasi, alipima mavi, na ilisemekana alipima hata tumbaku ya kiko chake. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapanga ng'ombe makundi matatu kwa kura na kuwafunga kamba shingoni. Wa kamba nyeupe walidungwa maji matupu, ili ijulikane ugonjwa ukiachwa unafika wapi. Wa njano walipewa dozi ndogo. Wa nyekundu walipewa dozi kubwa. Ng'ombe wengine walitobolewa masikio kwa namba pia, lakini babu alikataa katakata damu ya mapacha kumwagwa, kwa hiyo wake walibaki na kamba tu. Kumbuka hilo.

Opio akapata njano. Odongo akapata nyekundu.

"Hapana," babu akasema. "Hawa ni mapacha. Wapewe sawa."

Swaliki akamweleza mkubwa wake, na Bwana Mizani akatoa kiko mdomoni akafurahi kama aliyeletewa barua ya kwao. "Hii pacha? Kweli pacha? Baba moja, mama moja, siku moja?" Akazunguka akawatazama. "Mzuri sana. Basi hii pata kidogo, hii pata mingi. Mimi angalia tofauti."

"Bwana, ndiyo maana nasema wasipewe tofauti."

"Kama napa yote sawa, mimi jua nini? Hapana jua kitu."

Nimesoma diploma ya afya ya mifugo hadi katikati, ada ikaisha kabla ya akili, kwa hiyo naruhusiwa kusema nusu ya jambo hili. Yule Mzungu alikuwa sahihi. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni mstari wa dozi, nami nikaona mwamba wa Tororo. Dozi ikiwa ndogo unatembea tambarare, hakuna kinachobadilika. Unaongeza, bado tambarare. Halafu ghafla mlima, kila tone unaloongeza linaponya, mpaka unafika kileleni. Ukiendelea kuongeza ukiwa kileleni huponyi tena, unatafuta upande wa kuangukia. Kujua mlima unaanzia wapi na kilele kiko wapi, lazima mmoja apewe kidogo na mwingine kingi. Hakuna njia nyingine. Na babu, asiyependa mapacha wake wapewe tofauti, naye alikuwa sahihi, kwa sababu wake walikuwa ng'ombe wenye majina, si madoa kwenye mstari.

Babu akakubali. Angefanya nini, arudi nao nyumbani wakafe sawa?

Odongo, wa dozi kubwa, alivimba shingo na kuacha majani, akawa anasimama ameinamisha kichwa kama mlevi wa ajon, pombe yetu ya ulezi, aliyeibiwa mrija wake. Opio alichangamka upesi. Baadaye mambo yakageuka. Uvimbe ukapungua, Odongo akaanza kung'aa. Opio akasimamisha nywele tena.

Babu alikuwa ameajiriwa pale kuchunga, kwa hiyo aliwatazama wote wawili kila siku, mmoja akinenepa na mwingine akichongoka mifupa. Jumapili akaenda nyumbani Sikuda na kumsimulia bibi.

"Na wewe ukanyamaza?" bibi akasema.

"Nilisema. Wanasema hiyo ni elimu."

"Opio anamwona ndugu yake ameshiba dawa. Unadhani ng'ombe hana macho?"

"Sasa nifanye nini, Asekenye? Nidungwe mimi badala yake?"

"Mama yako aliwapimia kwa kiganja kimoja. Wewe una viganja viwili na hujui kupima."

Bibi alikuwa msichana mdogo wakati ule, lakini ulimi wake ulizaliwa mzee. Babu hakulala vizuri hapo kwao. Aliporudi kituoni alikuwa amepata hesabu yake.

Sindano ya pili ilikuwa imekaribia. Asubuhi yenyewe, kabla Swaliki hajafika zizini, babu alivua kamba ya njano akamfunga Odongo, akavua nyekundu akamfunga Opio. Kwa sura walifanana hata mama yao angekosea, na Swaliki alidunga akitazama kamba, si mbavu. Aliyepata kidogo sasa akapata kingi, na aliyepata kingi akapata kidogo. Kidogo ukiongeza kingi, kingi ukiongeza kidogo, jumla ni ile ile. Kiganja kimoja. Nimeitazama hesabu hiyo mara nyingi na sijaona kosa lake, isipokuwa kwamba vijidudu havikuwa vimeenda shule.

Dozi ndogo ya kwanza haikuviua vyote mwilini mwa Opio. Iliviua vile dhaifu, ikaviacha vile vyenye roho ngumu, navyo vikaizoea dawa. Ilipokuja dozi kubwa, ilikuta wenyeji wameshajifunza kufunga mlango. Kwa hiyo ilimvimbisha shingo bila kumponya. Odongo yeye alikuwa amepona tangu ile ya kwanza, na dozi yake ndogo ilikuwa kama kumwagia maji mtu aliyekwisha kuoga. Dozi si jumla tu. Kipi kimetangulia nacho kinahesabiwa. Hilo nalielewa sana, maana diploma nusu ni dozi ndogo, na ujinga wangu umeshaizoea.

Bwana Mizani akachanganyikiwa. Ng'ombe wa kamba nyekundu, aliyekuwa ananenepa, sasa anaanguka. Wa njano anang'aa. Akapima, akapima tena, akaizunguka mizani akidhani imeharibika. Mwishowe akamwambia Swaliki kwamba dozi ya nyekundu huenda haitoshi, na kwamba safari inayofuata kundi zima la nyekundu lingeongezewa.

Swaliki alimletea babu habari hiyo kama umbea tu. "Salongo, kamba nyekundu wote wanaongezwa. Kwa sababu ya mtoto wako."

"Wakiongezwa itakuwaje?"

"Wewe umeona shingo. Ile ilikuwa kidogo." Akashusha sauti. "Wengine watalala hapo hapo."

Kundi la nyekundu lilikuwa na ng'ombe wa watu. Kulikuwa na wa mzee Ochen wa Kisoko, aliyekuja kila Jumapili kumsalimia ng'ombe wake na kumletea majani ya viazi, na wa mjane Alaso, ambaye hakuwa na mwingine. Babu akawatazama. Halafu akamtazama Opio, aliyekuwa amelala na hageuzi hata sikio. Ikiwa angesema, ng'ombe wake wote wawili wangefukuzwa kituoni na Opio asingepata dawa tena. Ikiwa angenyamaza, pengine dawa iliyoongezwa ingemfaa.

Akaenda mwenyewe ofisini, Swaliki nyuma yake akifasiri kwa sauti isiyo na mzaha kwa mara ya kwanza.

"Mwambie kamba nilizibadilisha mimi. Aliye na nyekundu alianza na njano."

Bwana Mizani hakupiga kelele. Alikaa. Akauliza kwa nini, na babu akamwambia kuhusu mapacha, kiganja, chumvi. Yule Mzungu akasikiliza mpaka mwisho kisha akasema maneno ambayo babu aliyarudia maisha yake yote kwa lafudhi ile ile, akituchekesha, macho yake yenyewe hayacheki.

"Wewe haribu yote mbili. Toa yote mbili."

Wakaondolewa wote kwenye hesabu, Opio na Odongo. Dozi ya nyekundu haikuongezwa. Swaliki aliwasindikiza hadi nje ya ua, akavua kofia yake ya kushonwa akawapepea ng'ombe nzi. "Nenda salama, Salongo," akasema, na safari hii jina lilitoka zima, bila kejeli ndani yake.

Opio hakufika Sikuda. Walipumzika penye maji kama walivyofanya wakati wa kuja, na akakataa kuinuka. Bibi alipomwona babu anaingia na ng'ombe mmoja, aliacha kazi aliyokuwa nayo. Alimwendea Odongo, akamwinamia sikioni na kumwambia, "Mwenzako ameruka. Wewe kaa." Msimu huo walilima kwa jembe la mkono. Nira babu aliitundika ukutani, na chumvi aliendelea kuiweka mahali pawili.

Ningeishia hapo, lakini Mungu naye ni mtani. Baada ya miaka michache, bendera ya Mwingereza bado juu, bibi alijifungua mapacha wa kike, Apio na Adongo. Swaliki alifika toka Tororo na lori la baba yake kwa ajili ya kusema neno moja tu mlangoni: "Nilikuambia." Wasichana walipofikia umri wa kukimbia wakashikwa na malaria, wote siku moja. Apio alikuwa mnene. Adongo alikuwa mdogo, mbavu zinahesabika. Muuguzi wa zahanati akawapima, akagawa vidonge kwa uzito wa kila mmoja, si kwa usawa: Apio kidonge kizima, Adongo nusu.

Kila mtu pale alijua mila, na kila mtu alijua habari za ng'ombe. Shangazi mmoja akaanza, "Salongo, huwezi kumpa huyu..."

Babu alikuwa ameshika kidonge kwenye kiganja kimoja na nusu kwenye kiganja kingine. Alimtazama bibi. Bibi, mwenye ulimi ule, akajaza kikombe maji tu.

Babu akampa Apio kizima. Akampa Adongo nusu. Akawashikia kikombe cha maji wakameza, wakakunja nyuso kwa uchungu.

Kisha akatoa mfukoni kipande cha sukari guru alichokinunua njiani, akakikata kwa meno, akalinganisha vipande vile machoni, akauma tena kidogo upande uliozidi, akalinganisha tena. Watu wakasubiri. Muuguzi akaita mgonjwa mwingine, hakuna aliyeinuka. Vilipokuwa sawa kabisa ndipo akawapa, mkono wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja.

Adongo ndiye mama yangu. Anasema dawa haikumbuki hata kidogo. Anakumbuka sukari.